Mazrui: Jina Lililotoka Ngomeni

Anayesimama Ras Bofu, upande wa Likoni ambako daraja la kuelea la Liwatoni liliishia, huwa na kisiwa cha Mombasa mbele yake na maji ya Kilindini miguuni. Akigeuza uso magharibi, ataona maji hayo yakiingia bara, yakiipita Mtongwe na kutanuka kuwa ghuba ambayo ramani huiita Port Reitz. Ng'ambo ya pili, Changamwe, jina hilo limeshika mtaa na hospitali. Wanaolitaja kila siku kwa makondakta wa matatu ni wengi, ila wachache huuliza Reitz alikuwa nani.

Alikuwa luteni kijana wa jeshi la majini la Uingereza. Aliachwa Mombasa Februari 1824 awe mwakilishi wa taifa lake, akafanya safari ya kusini kuelekea Pangani, akashikwa na homa, na kabla ya mwezi Juni alikuwa amekwisha kuzikwa. Miezi michache tu, na mpaka leo ghuba nzima ni yake.

Waliomkaribisha walikuwa wenye mji wa wakati ule, ukoo wa Mazrui, ambao kiti chao kilikuwa Fort Jesus, au Ngomeni kama wasemavyo wenyeji. Hali yao ilikuwa mbaya. Seyyid Said wa Maskati alikuwa amewapokonya Pemba, iliyokuwa ghala lao la chakula, na walijua kuwa baada ya Pemba ni Mombasa. Wakashona bendera ya Uingereza kwa mikono yao wenyewe na kuitweka juu ya ngome kabla hata Kapteni William Owen hajaingia bandarini na manowari yake, Leven. Owen akakubali kuwalinda kwa masharti: ukoo ubaki na utawala, ushuru wa forodha ugawanywe nusu kwa nusu, biashara ya watumwa ikome. Wakubwa zake London hawakuridhia, na mwaka 1826 bendera ikateremshwa. Mlinzi akaenda zake. Jina la luteni likabaki majini, na jina la wenyeji wake likaanza safari ndefu ambayo haijaisha.

Ili kuielewa safari hiyo inafaa kuanzia kwenye namna majina yanavyotengenezwa huku. Kata ya Bofu ni moja ya kata tano za Likoni, pamoja na Mtongwe, Shika Adabu, Timbwani na Likoni yenyewe, na daftari la darasa lolote katika shule za huko ni somo la historia kwa anayejua kulisoma. Majina yanayoanza na Mwa-, kama lile la waziri wa zamani Chirau Ali Mwakwere, humpeleka msomaji kwa Wadigo. Yapo pia kwa Waduruma na kwa Wataita. Wengi huieleza Mwa- kuwa ni "mwana wa" iliyofupishwa. Mtu wa Mombasa ya kale naye alijitambulisha kwa bin au binti, na ndipo Kiswahili kilipolipata neno lake la jina la ukoo: ubini.

Waskoti wamefanya vivyo hivyo kwa lugha yao. Mac ya Kigaeli ni mwana tu. Mackinnon, kwa mfano, asili yake ni Mac Fhionghuin, mwana wa Fionghuin, na hilo jina la babu limeungwa kwa maneno mawili yenye maana ya weupe au uzuri na kuzaliwa. Wenyewe walikuwa watu wa visiwa vya Mull na Skye. Walimuunga mkono mwanamfalme Charles Stuart katika uasi ulioangamizwa Culloden, Aprili 1746, mkuu wao akafungwa, ardhi ya ukoo ikaanza kuwaponyoka. Baadaye mashamba ya Nyanda za Juu yakapewa kondoo na watu wakapewa meli. Ndiyo maana anayewatafuta akina Mackinnon leo huwakuta Cape Breton na Kisiwa cha Prince Edward, Kanada, na vilevile Australia na New Zealand, kama ambavyo huwakuta Skye.

Jina hilo la Uskoti halikutajwa hapa kwa kupamba habari. Litarudi, tena na bunduki.

Mazrui halina Mac wala Mwa-. Ni nisba, jina la kunasibisha, ambalo Waarabu hulitambua kwa ile "i" ya mwisho, kama Busaidi, Nabhani na Shirazi. Shina lake kwa Kiarabu ni lile linalozaa kulima na kupanda, shina ambalo Kiswahili kimelichukua katika neno zaraa. Mazrui ni jina la kabila, na kwa wingi wake kwa Kiarabu husemwa Mazari. Makao ya kabila hilo ni Oman na nchi ambayo leo ni Umoja wa Falme za Kiarabu, na habari za tawi lililokuja Mombasa huanzia Rustaq, bara ya Oman. Kuna sauti moja katika jina hilo, herufi ain, inayotoka kooni, ambayo ulimi wa Kiswahili uliitupa baharini njiani. Kisha lugha ikaongeza kitu chake: wakawa Wamazrui, kama Wadigo, kama Wakilindini. Jina linapoanza kuvaa wa- ya Kibantu, mwenye nalo amekwisha kuoa mjini.

Waliingia na ushindi. Desemba 1698, baada ya mazingiwa ya miezi 33, Waomani waliitwaa Fort Jesus kutoka kwa Wareno, na Wamazrui wakawa miongoni mwa waliopewa uliwali wa Mombasa. Kwa miaka kadhaa kilikuwa cheo cha kupewa na kunyang'anywa. Kuanzia Muhammad bin Uthman, katika miaka ya 1730, kikawa hakitoki nyumbani. Oman ikapinduka, Ahmad bin Said wa ukoo wa Busaidi akashika utawala, na liwali wa Mombasa akaona hana sababu ya kumtii mtu ambaye jana alikuwa liwali mwenzake. Wakatumwa watu wa kumuua, wakamuua. Ndugu yake Ali bin Uthman akafungwa Ngomeni, akatoroka, akarudi na watu wa mji na kuitwaa ngome upya. Mwaka ulikuwa 1746, ule ule wa Culloden. Akina Mackinnon walikuwa wakipoteza nchi yao huku Wamazrui wakiipata yao.

Jambo la kutazama katika kisa cha Ali bin Uthman si ushujaa wa kuruka ukuta. Ni nani aliyemsaidia. Mazrui hawakuwa na jeshi la kutosha kuitawala Mombasa kwa nguvu. Walikuwa nyumba moja tu katikati ya mataifa kumi na mawili ya Waswahili, Thenashara Taifa, yaliyogawanyika makundi mawili. Tisa yalikuwa upande mmoja, na upande wa pili matatu: Wakilindini, Watangana na Wachangamwe. Nyuma ya kila kundi walikuwapo marafiki zao wa bara, Wadigo wakiwa upande wa Wakilindini. Liwali aliyetaka kulala usingizi alipaswa kugawa zawadi kwa pande zote, kuamua kesi zao na kuoa kwao. Siasa hiyo ndiyo iliyowafanya wawe watu wa hapa haraka kuliko wazee wao walivyodhani. Waarabu wengi walikuja pwani. Si wengi waliolazimika kuombana radhi na wazee wa Likoni na Mtongwe ili wapate kutawala.

Kiburi hakikukosekana. Husimuliwa kuwa Abdallah bin Ahmad alipotawala mwaka 1814, badala ya kumpelekea Seyyid Said zawadi ya heshima alimpelekea deraya, baruti, na kibaba cha kupimia nafaka. Anayejua lugha ya vitu hakuhitaji barua. Miaka michache kabla ya hapo jeshi la Mombasa na Pate lilikuwa limepigwa vibaya kwenye mchanga wa Shela, Lamu, na tangu hapo upepo uligeuka. Muyaka bin Haji, mshairi mkubwa wa Mombasa, aliishi katika miaka hiyo hiyo na kalamu yake ilikuwa upande wa ngome. Mashairi yake ya majibizano na watu wa Lamu yamehifadhi vita ambavyo vitabu vya hesabu havikuvijali.

Mwisho ulikuja mwaka 1837, kwa hila zaidi kuliko kwa mzinga. Ukoo ulikuwa umegombana wenyewe kwa wenyewe juu ya urithi, baadhi ya wazee wa mji wakamwelekea Seyyid Said, na Rashid bin Salim, liwali wa mwisho, akakubali masharti. Muda si muda, zaidi ya wakubwa 20 wa Mazrui walikamatwa, wakatiwa melini na kupelekwa Bandar Abbas, Uajemi. Hawakurudi.

Waliosalia wakagawanyika njia mbili, na mgawanyiko huo ndio ramani ya jina mpaka leo. Kundi moja lilikwenda kaskazini, likakaa Takaungu, kusini ya kijito cha Kilifi. Kundi la pili lilivuka kuja upande wa Likoni na kuendelea kusini mpaka Gazi, kama kilomita 50 kutoka kivukoni, pwani ya mikoko na minazi katika nchi ya Wadigo. Abiria wa matatu za Ukunda na Msambweni wanaopita njia hiyo leo wanafuata, bila kukusudia, mkondo wa waliopoteza mji.

Takaungu ilitajirika kwa mtama, na mtama huo ulilimwa na watumwa. Jambo hili husemwa kwa sauti ya chini katika masimulizi ya nasaba, lakini jina la Mazrui katika karne ya 19 lilikuwa pia jina la mwenye shamba, na wako waliokimbia mashamba hayo kwenda kujificha msituni, kwenye vijiji vya watoro kama Fuladoyo. Serikali ya kikoloni haikuifuta hali ya utumwa kisheria pwani ya Kenya mpaka 1907. Nasaba ya Mazrui, kama ya nyumba yoyote kubwa ya pwani, ina milango miwili, na wa nyuma haujaandikiwa vitabu vingi.

Gazi ilikuwa na Mbaruk bin Rashid, mtoto wa yule liwali wa mwisho. Kwa zaidi ya miaka 40 alikuwa mwiba katika mguu wa kila sultani wa Unguja. Akiasi, akipatana, akiasi tena, na akibanwa sana alipanda milimani Mwele, nyuma ya Shimba, ambako alijenga boma lililozungukwa na msitu. Mtu wa Unguja angemwita mkorofi. Wadigo wengi waliompa watu na chakula huenda walikuwa na neno jingine.

Hapo ndipo Mskoti anaporudi. William Mackinnon alizaliwa Campbeltown mwaka 1823, akafanya biashara Bara Hindi, akaunda kampuni ya meli ya British India, na mwaka 1872 meli zake za posta zikaanza kutia nanga Unguja. Mwaka 1887 alipata kutoka kwa Sultani Barghash mkataba wa kuendesha pwani, na Septemba 1888 malkia wa Uingereza akampa hati ya Imperial British East Africa Company. Wenyeji waliiita Kampuni tu. Ilikuwa na bendera, sarafu na askari, lakini haikuwa na faida. Mackinnon alifariki mwaka 1893, Kampuni ikiwa hoi.

Mwaka 1895 shehe wa Takaungu alikufa, na Kampuni, katika miezi yake ya mwisho, ikajitia kuamua nani arithi. Ikamchagua mtu wake. Aliyeachwa akashika bunduki, na Mbaruk wa Gazi, aliyekuwa akipokea posho ya Kampuni, akaona damu ni nzito kuliko rupia. Kampuni ikakabidhi nchi kwa serikali ya Uingereza tarehe 1 Julai, na vita vikakabidhiwa pamoja nayo. Agosti, Admeri Rawson aliivamia Mwele na kuichoma. Mbaruk akawaponyoka. Miezi iliyofuata pwani yote ya kusini ilikuwa ya moto na mashambulizi ya ghafla, mpaka Waingereza walipoleta kikosi cha Baluchistan kutoka Bara Hindi. Aprili 1896 Mbaruk alivuka mpaka na mamia ya wafuasi wake, akajisalimisha kwa gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann. Alimalizia maisha Dar es Salaam, akafa 1910.

Tukiulizana nani alishinda, jibu rahisi ni Mackinnon. Jina lake liko kwenye kituo cha reli na mji mdogo wa Mackinnon Road, njia ya Nairobi, na Marikiti, soko la Mombasa, nalo lina jina la Mackinnon kwenye karatasi. Lakini Sir William hakuacha mtoto, na cheo chake cha kurithiwa kilizikwa naye. Hata pale Mackinnon Road wasafiri wengi hawasimami kwa ajili yake. Husimama kwenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, kando ya reli, waombe dua wapate kufika salama, kisha waendelee.

Mazrui walibaki na watu, na watu hao wakabadili kazi. Mabadiliko yalianza kabla ya vita: katika karne ya 19 wengi wao waliacha madhehebu ya Ibadhi ya Oman na kufuata Shafii, madhehebu ya Waswahili waliokuwa wakisali nao. Abdallah bin Nafi na mwanawe Ali bin Abdallah walikuwa mbele katika mageuzi hayo. Mwana wa Ali, Sheikh Al-Amin, aliyezaliwa 1891, alirithi vitabu badala ya mizinga. Mwaka 1930 alianza kutoa gazeti la Al-Sahifa, na 1932 Al-Islah, kwa Kiswahili na Kiarabu, akiwagombeza Waislamu wa Mombasa juu ya uvivu wa kusoma, gharama za arusi na mazishi, na kuiga Uzungu bila kuchukua elimu yake. Alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1947. Baada ya uhuru kiti hicho kilikaliwa na mwanafunzi wake, Sheikh Muhammad Kasim Mazrui.

Sheikh Al-Amin aliandika pia, kwa Kiarabu, historia ya ukoo wake. Kitabu hicho kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1995, kimefasiriwa na kufafanuliwa na J. McL. Ritchie. Msomaji mwenye jicho ataiona ile Mc katikati ya jina la mfasiri na kutabasamu: safari hii mwana wa Uskoti kaja na kamusi.

Mtoto wa Sheikh, Ali, alikuwa na miaka 14 baba yake alipokufa. Alisoma Manchester, Columbia na Oxford, akawa profesa Makerere, akaondoka Uganda ya Idi Amin, akafundisha Michigan na kisha Binghamton, New York. Mfululizo wake wa televisheni wa 1986 kuhusu urithi wa Afrika wa pande tatu, wa asili, wa Kiislamu na wa Kimagharibi, ulilipeleka jina la Mazrui kwenye nyumba ambazo hazijawahi kusikia Gazi. Alipofariki Oktoba 2014 maiti yake ilirudishwa Mombasa, ikazikwa katika makaburi ya Mazrui, mkabala na Fort Jesus. Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki ya 1981, aliwekwa kizuizini mwaka uliofuata. Jina lilikuwa limerudi kifungoni, safari hii kwa kosa la kuandika.

Jina liliingia hata katika sheria za nchi. Mwaka 1914 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya amana ya ardhi ya Mazrui kwa ajili ya ukoo huo huko Takaungu, na Bunge la Kenya likaifuta mwaka 1989. Juu ya ardhi hiyo walikuwa wakiishi watu wengi, Wagiriama hasa, ambao walilima vizazi kwa vizazi bila hati. Si rahisi kuieleza kesi hiyo kwa haki katika aya moja, ila inaonyesha kuwa jina la ukoo linaweza kuwa mpaka wa shamba.

Leo Wamazrui wako Mji wa Kale wa Mombasa, Takaungu, Gazi na vijiji vya pwani ya kusini, Unguja na Pemba, na wengine ughaibuni. Katika Ghuba jina ni la kawaida kabisa. Falme za Kiarabu zina waziri wa nishati anayeitwa Suhail Al Mazrouei, na huko tahajia huwa ni hiyo, pamoja na "al" yake na irabu za ziada. Kwa herufi za Kiarabu ni neno lile lile. Kwa herufi za Kilatini, irabu moja au mbili hutosha kumweleza karani wa uwanja wa ndege kama babu wa msafiri alibaki jangwani au alipanda jahazi.

Hata hivyo anayewahesabu Wamazrui kwa kusoma majina atakosea hesabu, na kwa Likoni atakosea sana. Mabinti wa ukoo waliolewa kila mahali, na watoto wao wana ubini wa baba zao. Tena kitambulisho cha Kenya hupenda majina matatu: la mtu, la baba, la babu. Nisba hubaki nje kama hakuna aliyeidai. Mzee wa Gazi mwenyewe, aliyewasumbua masultani na kuwatoa jasho maadmeri, angepanga foleni leo kwenye ofisi ya msajili wa watu angetoka na kadi iliyoandikwa Mbaruk Rashid Salim, na karani angemwita anayefuata.